Ndimu au magadi? Jibu refu kwa dada mwenye bamia zinazoteleza

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeusoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikawa nacheka peke yangu hadi mlinzi akaanza kuniangalia vibaya. Kwa mliochelewa: dada yetu kauliza afanyeje bamia zake zisiteleze, maana mumewe, mtu wa pwani, kasukuma bakuli pembeni akasema yeye hali makamasi. Majibu yakamiminika. Nusu yenu mnasema tia ndimu, nusu mnasema tia magadi. Halafu kaka mmoja, nadhani kwa nia njema ya kuleta amani, kasema atie vyote viwili. Hapo nikaona bora niandike, la sivyo dada wa watu kesho atapika povu.

Mimi nimezaliwa Kongwa, bara huko Dodoma, nimeolewa Pangani, pwani ya Tanga, naishi Mbagala, Dar. Kwa hiyo hizo bamia mnazogombania nimezila za pande zote mbili, na zote nazipika, kuna siku nazipika pamoja kwenye majiko mawili kwa sababu mama yangu yupo na mama mkwe naye kaja. Jikoni kwangu ndimu na magadi vyote vipo. Ila haviingii sufuria moja.

Ndimu ni tindikali. Magadi ni kinyume cha tindikali. Ukivikutanisha vinachemka pale pale, vinatoa povu, na povu likitulia kila kimoja kimeshamaliza nguvu ya mwenzake. Unachobaki nacho ni chumvichumvi isiyo na kazi. Wanaokwambia ndimu wanapika bamia kavu. Wanaokwambia magadi wanapika mlenda, ile mboga ya kuteleza. Hawa watu hawabishani hata kidogo, wanapika vyakula viwili tofauti na hawajaambiana.

Kwa hiyo dada yangu, kabla hujashika kisu jiulize: leo nautaka utelezi au siutaki? Ukishajibu hilo, kila kitu kinafuata chenyewe: namna ya kuosha, ukubwa wa vipande, maji, mfuniko, chumvi iingie lini. Bamia mbaya kuliko zote ni zile ambazo mpishi hakuamua. Zimekatwa vipande vidogo, zikatiwa vikombe viwili vya maji, zikafunikwa, halafu mwishoni mtu kashtuka kaminya ndimu. Hazijawa mlenda na hazijawa kavu. Hapo shemeji yetu nampa haki yake.

Ule ute umo ndani ya bamia yenyewe. Ni sukari zilizojiunga kwenye minyororo mirefu, na tabia yake ni kunyonya maji na kuvimba. Bamia, pamba, choya na hata ule mlenda wa majani ni ukoo mmoja, na wengi katika ukoo huo wanao ute huo. Huwezi kuuondoa wote, na anayekuambia anaweza anakudanganya. Unachoweza ni kuunyima maji usitanuke, au kuupa maji utanuke hadi ukufae.

Tuanze na kuunyima, kwa sababu ndiko shida ya dada iliko.

Osha bamia zikiwa nzima. Zikaushe kwa kitambaa, moja moja kama una subira, au zitandaze kwenye ungo nusu saa dirishani. Kisu kiwe kikavu, ubao uwe mkavu. Ukikata bamia kisha ukaziosha, umeshafungua mlango, funga safari tu uelekee kwenye mlenda. Usizikatekate. Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo ndivyo ute unavyotoka mwingi. Zipasue mara moja kwa urefu, au ukate vipande virefu vya mshazari.

Kikaango kiwe kipana. Mafuta yapate moto kwelikweli kabla hujatia kitu, na usizirundike. Kama ni nyingi, kaanga kwa awamu. Zikigusa chini ziache. Watu wengi tunashindwa hapo, tunamkoroga mwenzetu na mwiko tangu anaingia hadi anatoka. Ziache zipate madoa ya kahawia upande mmoja, kisha zigeuze. Usifunike, kwa sababu mvuke unapanda, unageuka matone na kurudi chini, na hayo ni maji yale yale uliyoyakimbia. Chumvi subiri mwisho, maana inavuta maji kutoka kwenye mboga. Zikishakauka, zitoe, weka pembeni.

Sasa kaanga kitunguu chako, thomu, nyanya za kutosha, pilipili hoho kama unayo. Nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge. Nyanya nazo zina uchachu, zinasaidia kazi ile ile ya ndimu. Ndipo bamia zirudi, dakika tano tu, ndimu nusu, chumvi, zima moto. Kuna utelezi kidogo utakaobaki ndani ya kipande, ila hakuna uzi utakaoning'inia mkononi, na kwa wengi uzi ndio unaowashinda.

Kwa watoto mimi nafanya rahisi zaidi. Bamia zilizopasuliwa nazigaragaza kwenye unga wa sembe uliotiwa chumvi, bizari na pilipili manga kidogo, nazikaanga kwenye mafuta mengi hadi ziwe ngumu kidogo kwa nje. Mwanangu wa pili, anayedai hali bamia, anakula hizo akisimama mlangoni. Sijamwambia ni nini na naomba humu kusitokee wa kumwambia.

Kuna aliyeuliza bamia za nazi. Hizo nilifundishwa na mama mkwe, na yeye hapimi kitu, anakwambia "tia mpaka iwe basi". Nitajaribu kueleza. Kichwa cha bamia hakikatwi moja kwa moja. Unachonga ile kofia yake kuzunguka kwa kisu chenye ncha, unaacha umbo la ncha kama pia ya kuchezea watoto, bila kutoboa vyumba vya mbegu. Bamia inabaki nzima, imefungwa, ute wake umekaa ndani. Ni kazi ya kukaa kibarazani na kupiga soga, si ya mtu mwenye haraka. Jirani akipita anasimama, anakuambia habari za fulani, mikono inaendelea. Habari nyingi za ukoo wa mume wangu nimezijulia kwenye kuchonga bamia, nyingine hata sikupaswa kuzijua.

Zikishachongwa anazipitisha kwenye mafuta kidogo. Mchuzi anauanza na kitunguu, nyanya, bizari, kisha tui la pili. Samaki yuko pembeni, keshakaangwa. Changu akipatikana ni changu, asipopatikana ni yeyote aliyeletwa na mto au bahari siku hiyo. Msimu wa maembe anatia vipande vya embe bichi badala ya ndimu, na hiyo nawaambia ni mboga nyingine kabisa. Bamia zinaingia kwenye tui la pili zikichemka polepole. Tui la kwanza ni la mwisho, na kuanzia hapo huondoki jikoni: unateka kwa upawa na kumimina, unateka na kumimina, ili tui lisikatike. Likianza kufurukuta, ipua. Huo unakula kwa wali. Ugali ni ruhusa, lakini mama mkwe atakuangalia.

Nimeona mmoja humu kaandika bamia ni mboga ya tarehe ishirini na tano, yaani mshahara haujaingia na mfuko umelia. Mkuu, ulipita sokoni lini? Bamia zenyewe ndiyo, mvua ikinyesha zinajaa sokoni Rangi Tatu, huku kwetu Mbagala, hadi wauzaji wanakuongezea bila kuombwa. Kiangazi fungu linanywea na bei haishuki. Lakini piga hesabu ya nazi mbili, samaki, mafuta, na mkaa wa kukalia saa nzima. Bamia za nazi za mama mkwe si mboga ya shida, zinaweza kumzidi kuku wa kizungu. Mboga ya shida ni mlenda. Na hapo sasa naomba mnisikilize vizuri, maana humu mlenda mmeusema vibaya sana.

Kwetu Kongwa mvua ni msimu mmoja, ukiisha umeisha. Mboga inayokubali kuanikwa ndiyo inayokufikisha mpaka Novemba. Bamia zinakatwakatwa, zinatandazwa kwenye ungo au mkeka, zikikauka zinatwangwa kuwa unga na kutunzwa. Majani ya mlenda vivyo hivyo. Ukifika mwezi ambao shamba ni vumbi tupu, vijiko viwili vya unga huo na maji ya moto ni mboga ya nyumba nzima. Haina mafuta, haina kitunguu, na inashusha ugali wa uwele ambao bila kitu cha kuteleza unakukwama kooni. Utelezi kwetu haukuwa kasoro ya kuondolewa. Ndio ulikuwa mboga yenyewe.

Kwa bibi yangu mlenda bila karanga haukuwa umeisha kupikwa. Kongwa ndiko Waingereza walikokuja mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga kwa mashamba makubwa ajabu, wakidhani watailisha Uingereza mafuta. Udongo ukakauka ukawa mgumu, mvua ikawaangusha, na kufika 1951 mradi ukafungwa na mamilioni ya pauni yakawa yamepotea. Bibi alikuwa na kijishamba chake nyuma ya nyumba, jembe la mkono, na karanga za mlenda hazikuwahi kukosekana.

Mlenda wa bamia naupika hivi. Maji kidogo yachemke. Magadi, kipande cha ukubwa wa punje ya harage kwa familia. Liloweke kwanza kwenye kikombe, mchanga ukae chini, utumie maji ya juu tu. Usizidishe, magadi yakizidi mboga inakuwa na ladha ya sabuni na hakuna cha kuirekebisha. Kazi yake ni kulainisha na kuifanya rangi ibaki ya kijani. Kisha bamia, safari hii uzikate vidogo kabisa au uzikwangue. Ongeza nyanya chungu zilizokatwa, na majani ya kunde au ya maboga kama yapo. Sufuria iwe kubwa na usiifunike, kwa sababu mlenda ukipanda haukuiti, unakuta umeshamwagikia jiko. Pekecha au uponde kwa mwiko hadi vyote vishikane. Karanga zilizotwangwa zinaingia zikiwa zimekorogwa kwa maji kidogo, ziive dakika kumi hivi moto mdogo. Chumvi. Basi. Nyanya moja ya kawaida haitaharibu kitu, ila zikizidi uchachu unaanza kula utelezi, na wewe leo ulikuwa unautaka.

Na kuula kuna ufundi wake, ndio maana wageni unawashinda. Tonge liwe dogo, ulibonyeze katikati kwa dole gumba. Chovya, kisha zungusha mkono kidogo na ukate uzi kwenye ukingo wa bakuli kabla hujainua. Usiinue kwanza ukatafuta pa kukatia ukiwa hewani. Mume wangu alipokuja kwetu na wazee wake kuleta barua, alikuwa kavaa kanzu nyeupe ya kupigwa pasi kwa umakini wote. Mama kwa heshima akatenga nyama na wali, na pembeni bakuli la mlenda kwa ajili ya wazee wa nyumbani. Yeye kwa kutaka kupendwa akaacha nyama, akavamia mlenda. Uzi ulianzia bakulini ukapita tumboni ukaishia begani. Hakuna aliyecheka pale. Baba zangu wadogo walikuja kucheka usiku, wageni wakiwa wamelala, na hadi leo kwetu hajulikani kwa jina lake.

Sasa anaula. Haupendi, anaula. Bamia za nazi akiziona anaomba kuongezewa, mlenda anamaliza alichowekewa na kunawa. Tumeishi hivyo na watoto wamekua.

Mambo ya sokoni niyapitie haraka. Bamia nzuri ni ile ya urefu wa kidole, kijani angavu, ina manyoya laini. Zile kubwa za kupendeza macho ziache, nyuzi zake utazitema. Njia ya kujua ni kukunja ncha: changa inakatika kwa mlio, iliyokomaa inapinda tu. Ila ukivunja ncha za bamia za watu bila kununua utasikia maneno, kwa hiyo jaribu moja, na ukishaijaribu nunua. Nyumbani usizifunge kwenye mfuko wa plastiki zikiwa na maji. Zifunge kwenye gazeti, weka sehemu ya friji isiyo na baridi kali, maana bamia ni mmea wa joto. Baridi ya chini ya nyuzi saba inazitia madoa meusi na zinaanza kuoza zikiwa bado zinaonekana nzima. Siku tatu zinatosha. Na kama mtaa wenu umeme unakatika kama wetu, nunua za kupika leo.

Aliyeuliza kupanda kwenye viroba: inawezekana kabisa, ninayo mistari miwili ya viroba ukutani. Loweka mbegu usiku mmoja, panda mbili kila kiroba, ng'oa iliyo dhaifu. Mbegu inayopatikana sana madukani ni Clemson Spineless, ya Kimarekani ya tangu miaka ya 1930. Baada ya kama miezi miwili unaanza kuona maua ya njano yenye kitovu chekundu kilichokoza. Ua linadumu siku moja tu, na siku nne hadi sita baadaye bamia yake iko tayari. Kuanzia hapo unachuma kila baada ya siku mbili. Ukienda msibani wiki nzima ukarudi utakuta zimekuwa ndefu na ngumu, kisu kinateleza juu. Zichume hata hivyo, usipozitoa mmea unadhani umeshamaliza kazi na unapunguza kuzaa. Vaa mikono mirefu. Wameziita Spineless, yaani zisizo na miiba, lakini vinyoya vyake vinawasha, mikono yangu inalijua hilo.

Kuhusu maji ya bamia, ambayo nimeona tayari yamekuja humu kama yanavyokuja kwenye kila uzi wa bamia. Loweka usiku, kunywa asubuhi, sukari inashuka, ndoa inapona, kitambi kinaondoka, na dada mmoja kwenye statasi anayauza kwa chupa. Bamia zina nyuzinyuzi, zina vitamini C na K, ni mboga nzuri, kula tu. Lakini kama una kisukari na unameza metformini, soma hapa: mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa panya wa maabara ulioonyesha maji ya bamia yanazuia dawa hiyo isifyonzwe vizuri. Panya si mtu, sawa, ila kwangu inatosha kumfanya mgonjwa amuulize daktari wake kabla ya kugeuza kikombe cha asubuhi kuwa tiba. Shangazi yangu tumebishana naye juu ya hili mpaka tukaacha kusalimiana kwa wiki. Sasa bamia anakula kwenye sahani na vidonge anameza kwa maji ya kawaida.

Na wewe mama uliyesema una presha na unapenda mlenda: magadi yana sodiamu nyingi, na ile ni juu ya chumvi unayotia. Pika bila magadi. Bamia changa zilizokwanguliwa hazihitaji magadi hata chembe, zinateleza zenyewe. Utakachokosa ni rangi, mlenda utakuwa wa kijani cha kufifia, na majani yatataka muda zaidi jikoni. Karanga ongeza kidogo kufidia ladha.

Kaka wa ndimu na magadi, usinikasirikie, nimekutaja kwa upendo.

Dada mwenye uzi, kwa shemeji anza na zile kavu za nyanya, pika na samaki wa kukaanga, usimwambie umefundishwa na mtu wa Kongwa. Kisha rudi utuambie kama bakuli limesukumwa tena au limerudi jikoni tupu.